Hospitali ya Ng'ambo ya Mto

Ndani ya friji ya dawa kulikuwa na samaki.

Wandera aliwaona pale Daktari Gitau alipoifungua ili kumtolea mgeni wake maji baridi. Ngege wabichi walikuwa wamelazwa juu ya maboksi ya chanjo ya pepopunda, magamba yao yakimeremeta kwa barafu, na damu yao imechuruzika hadi rafu ya chini kulikokaa sindano. Gitau alitoa chupa, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akamkabidhi. Wandera aliipokea, akaiweka sakafuni bila kuifungua. Kiu ilikuwa imemwisha.

"Umesema umetumwa na wakili gani?" Gitau aliuliza.

"Mugure, wa Lodwar. Ni habari ya mguu wa Mama Achai."

"Ah. Yule Msudani."

"Yule mgonjwa wako."

Wandera alikuwa ametumikia polisi wa trafiki mpaka akachoshwa na kofia, na sasa alipeleleza ajali kwa niaba ya mawakili. Mugure alikuwa amempa kazi hii kwa maneno machache. Achai, mjane mkimbizi anayeuza samaki wakavu katika soko la kambi ya Kakuma, alivunjika mguu mwezi Oktoba mwaka uliopita, 2012. Gitau ndiye aliyemfunga plasta katika kliniki hii hii, hapa Kakuma mjini, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa msimu, kutoka kambini. Mguu ukaoza ndani ya plasta. Daktari wa upasuaji wa hospitali ya kambini akaukata juu ya goti. Achai alipopata wakili, Gitau naye akapata wake, na majibu yakaja haraka: mwenye makosa ni mganga wa mifupa, si kliniki. Wandera alitakiwa amtafute huyo mganga, na aitafute plasta yenyewe kama bado ilikuwa katika dunia hii.

"Alifikaje hapa?" alianza.

"Alibebwa. Bodaboda ilimgonga kwao huko kambini, ikatoroka. Si maneno yangu, ni yake. Muulize."

"Kidonda kilikuwa wazi?"

"Kidonda gani? Ngozi ilikuwa nzima. Mvunjiko wa kawaida tu. Nikanyoosha, nikafunga, nikamwambia asiiguse plasta mpaka nimwite. Na yeye akafanya nini? Akaenda kwa mzee wa mifupa. Mzee akaikata plasta, akapaka mavi ya ng'ombe, akafunga tena. Hawa watu, Bwana Wandera, wewe unawajua. Unawapa dawa, wanataka mavi."

"Huyo mzee ulimwona?"

"Sina haja ya kumwona. Mguu ulikuwa unanuka mpaka mlangoni."

"Kumbe alirudi kwako."

Gitau alivuta droo, akaifunga tena bila kutoa kitu. "Aliletwa, ndiyo. Nikawaambia wampeleke hospitali yao ya kambini, ni ya bure."

"Uliifungua plasta?"

"Siwezi kufungua kazi ya mganga."

"Kama hukuifungua, ulijuaje ni kazi ya mganga?"

Gitau akacheka kicheko cha mtu anayetaka mwenzake acheke naye. Wandera hakucheka. Kwenye kona ya chumba palikuwa na ndoo ya maji yaliyotumika kulowekea bendeji za plasta, na juu ya maji hayo meupe mende alikuwa anaelea, chali. Wandera aliinua kofia yake.

"Samaki wako wazuri," alisema. "Kakuma hii unawapata wapi wabichi hivi?"

"Tunajuana na watu," Gitau akajibu.

Wandera hakuhitaji kwenda mbali ili kuwajua watu hao. Nje, chini ya mti wa pekee wenye kivuli cha maana, lori lilikuwa limeegeshwa, maji ya barafu yakitiririka kutoka nyuma na mbwa wawili wakiyalamba. Mlangoni liliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu: Mureithi, Kalokol–Lodwar–Kakuma. Dereva, Mturkana mrefu aliyevaa fulana ya mgombea mmoja wa uchaguzi wa Machi, alikuwa amekalia tairi la akiba akitafuna miraa.

"Ejok," Wandera alimsalimu.

"Ejok-nooi."

"Unaitwa nani, ndugu?"

"Ethuro."

Wandera alilizunguka lori polepole, mikono nyuma, kama alivyoyazunguka malori mengine mengi kwenye vizuizi vya barabarani. Mbao za ubavu wa kulia zilikuwa kuukuu, nyeusi kwa mafuta ya samaki. Za ubavu wa kushoto zilikuwa mpya, bado nyeupe, na chuma kilichozishika kilikuwa kimenyooshwa kwa nyundo na fundi asiyejali sura ya kazi yake.

"Lilianguka wapi?"

"Nini?"

"Hili lori. Lililalia ubavu wa kushoto. Wapi?"

"Haijaanguka. Mbao ilioza tu."

"Ikaoza upande mmoja?"

Ethuro alitema majani ya miraa. "Wewe ni polisi?"

"Nilikuwa."

"Basi sasa wewe ni mtu tu. Mimi nabeba samaki. Sibebi watu."

Wandera hakuwa amemuuliza habari ya watu. Alimshukuru, akapanda bodaboda kwenda kambini, na njiani alitema mate mara mbili kuondoa ladha ya kliniki ile mdomoni.

*

Achai aliishi Kakuma One, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye ua wa miiba. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mistari ya kabila lake kwenye paji la uso, ameketi juu ya kitanda cha kamba nje ya mlango, magongo yake mawili yakiegemea ukuta. Kando yake alikuwepo Mama Nyandeng, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao. Uso wa Nyandeng ulionyesha wazi kwamba hakuja kusikiliza tu. Watoto wa Achai walikuwa shuleni.

"Wakili wako ananiambia ulisema ni bodaboda," Wandera alisema baada ya salamu na chai.

"Ndiyo, baba. Boda."

"Ilikugonga wapi?"

"Hapo. Barabara ya soko."

"Ilitoka upande gani?"

Achai alinyoosha mkono kuelekea sokoni. Kisha akaubadilisha, akaonyesha laga. Nyandeng alitazama chini.

"Mchana?"

"Mchana."

"Soko zima limejaa watu, na hakuna aliyeona namba?"

"Ilikimbia, baba. Kalas, basi."

Wandera aliutazama mguu uliobaki. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kovu lililonyooka kabisa, pana na lenye kingo mbili sambamba. Pikipiki humrusha mtu na kumkwangua. Hailazi juu yake kitu kizito chenye ukingo, kikatulia hapo. Kovu lile lilitokana na ubao, na mbao mpya alikuwa ameziona asubuhi hiyo. Lakini hakusema, kwa sababu mtu anayesema uongo kwa hofu huwa anamwogopa mtu mwingine, na ni vizuri kwanza umjue huyo mwingine.

"Na mzee wa mifupa? Daktari anasema alikata plasta."

"Uongo!" Ni Nyandeng aliyejibu. "Mzee alikuja, ndiyo. Mimi ndiyo nilimwita. Alisimama hapo mlangoni, akanusa, akasema hii imeoza, peleka hospitali leo leo. Hata mkono yake haikugusa. Na angekata namna gani? Ilikuwa na misalaba."

"Misalaba gani?"

"Ya maombi. Siku Achai alirudi kutoka kwa daktari, sisi kina mama tulikuja wote. Kila mama alichora msalaba yake kwa plasta, akaomba. Tulitumia rangi ya buluu ile ya mlango ya kanisa. Kutoka vidole mpaka goti, kuzunguka yote. Mganga gani atakata msalaba?"

Wandera aliweka kikombe chini. "Hiyo plasta iko wapi sasa?"

Wanawake wale wawili walitazamana. "Hospitali walitaka kuchoma pamoja na mguu," Nyandeng alisema. "Mguu walichukua. Plasta tulikataa. Msalaba hauchomwi na takataka. Iko kanisani."

*

Kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa madebe ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Nyandeng alipiga magoti nyuma ya altare, akavuta kifurushi kilichofungwa kwa shuka iliyotariziwa maua. Wandera alipofungua fundo la kwanza, harufu ikamfikia. Ilikuwa miezi kadhaa tangu mguu ule ukatwe, jua la Turkana limekausha kila kitu, lakini uvundo ulikuwa pale, mtamu na mzito. Kisha akafungua fundo la pili.

Plasta ilikuwa na vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Nje ilijaa misalaba ya buluu, mingine imenyooka, mingine imepinda, mmoja mkubwa kwenye goti ambao Nyandeng alisema ni wake. Wandera aliviunganisha vipande vile juu ya benchi na kuvizungusha taratibu. Daktari wa upasuaji alikuwa ameikata kwa msumeno pande mbili, kushoto na kulia, mikato miembamba iliyonyooka. Misalaba iliyoangukia kwenye njia ya msumeno ilikuwa imegawanyika, nusu huku, nusu kule, na alipobana vipande pamoja kila nusu ilikutana na mwenzake. Hapakuwa na mkato wa tatu. Hapakuwa na kiraka wala tabaka la pili la plasta lililofunika rangi.

"Mlichora siku ile ile aliporudi?"

"Siku ile ile. Rangi ilikauka kabla ya jioni."

"Na hakuna aliyeongeza baadaye?"

"Rangi iliisha."

Basi plasta hii haikufunguliwa na mtu yeyote tangu Gitau aifunge mpaka msumeno wa hospitali. Mganga wa mavi ya ng'ombe alikuwa amezaliwa kichwani mwa Gitau na angekufa hapo hapo. Wandera aligeuza kipande cha mbele ili aone ndani.

Pamba ya ndani ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, nyeusi katikati, ya manjano pembeni. Katikati ya weusi ule, mahali mfupa ulipotokeza nje ya ngozi ambayo Gitau aliapa ilikuwa nzima, palikuwa na mchanga. Palikuwa na uzi wa gunia. Na palikuwa na vitu vyembamba vya mviringo, vinavyong'aa, vimegandamana na damu kavu. Wandera alitoa kibano mfukoni, akachomoa kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Mama yake alikuwa ameuza samaki Port Victoria. Vitu hivyo alivitoa kwenye nywele, kwenye ugali na kwenye daftari zake za shule utoto wake wote. Lilikuwa gamba la ngege.

Aliviweka vipande vyote chini, akatoka nje, akasimama akiwa ameshika ukuta wa kanisa kwa mkono mmoja. Akilini alimwona Gitau akiwa ameinama juu ya mfupa uliotoka nje, na mchanga, na gunia, na magamba, na ndoo ya maji pembeni yake. Na mikono yake ikafunika tu, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka. Maji yalikuwepo, na hakuosha.

Nyandeng alimfuata na kikombe cha maji. Haya aliyanywa.

"Samaki anayeuzwa na Achai sokoni," alimuuliza, "ana magamba?"

"Hapana. Anafika kavu. Magamba wanaparua kule Kalokol, kando ya ziwa, kabla ya kuanika. Hapa utaona mifupa tu na kichwa."

"Na mbichi?"

"Mbichi ni ya wakubwa. Watu ya mashirika, na daktari. Inaletwa na lori moja tu, ya Mureithi, na barafu."

"Mureithi na daktari wanajuana?"

Nyandeng alimshangaa. "Dada ya Mureithi si ndiyo bibi ya Gitau? Kila mtu anajua."

Kila mtu alijua, isipokuwa mawakili wa Lodwar.

*

Achai alipoliona gamba juu ya kiganja cha Wandera, hakuuliza ni nini. Alivuta shuka, akajifunika kisiki cha mguu.

"Mama Achai, bodaboda haibebi hii."

Nyandeng akamsemesha Kidinka, kwa sauti ya chini lakini kwa ukali, na Achai akamjibu mara moja tu. Kisha akaanza, macho yake yakiwa mlangoni.

"Mimi natoka kambi bila kibali. Sisi wote wa samaki tunafanya hivyo. Kibali wanakupa kama uko mgonjwa, kama uko na shule. Kwa samaki hawakupi. Basi Ethuro anatuficha. Unalala kwa lori, chini ya turubai, na magunia juu. Polisi anafungua, anaona samaki. Nimeenda Kalokol mara nyingi, baba, lakini njia sijui. Lodwar sijaona. Nasikia tu. Nikisikia pikipiki nyingi na muziki, najua hii ndiyo Lodwar."

"Na siku hiyo?"

"Tulikuwa tumetoka Kalokol, hatujafika mbali. Ethuro alikuwa anakimbia, barafu isiishe. Gurudumu ikapasuka. Lori ikalala. Mbao ikalala kwa miguu yangu. Samaki yote ikanimwagikia." Aligusa goti lake zima. "Watu wa barabara walisukuma lori ikasimama. Ethuro akapiga simu kwa bosi yake. Halafu akanirudisha chini ya turubai."

"Mfupa ukiwa nje?"

"Nje. Mimi naona nyeupe yake."

Wandera aliacha kuandika.

"Nikalia, hospitali, hospitali. Tulipofika ile muziki nikajua ni Lodwar. Nikapiga mbao na mkono. Ethuro akasimamisha, akaja nyuma, akasema hospitali iko ng'ambo ya mto. Mto imejaa, gari haipiti. Akasema nitakufa huko, twende Kakuma, kuko daktari mzuri. Nikanyamaza. Kama mto imejaa, imejaa. Mungu ndiyo anajaza."

Wandera aliijua Lodwar kila kichochoro. Alitamani kumwambia hapo hapo, lakini ulikuwa ukatili ambao hakutaka uingie masikioni mwa mama huyu kwa sauti yake.

"Daktari alikuwa anajua umetoka wapi?"

"Alikuwa mlangoni ananingoja. Akafunga, akasema: ukiulizwa, sema boda ya kambi. Ukisema Kalokol, polisi watakufunga miezi, halafu watakurudisha Sudan, na watoto watabaki. Hata nilipoanza kunuka, nikarudi, akasema hivyo tena." Sasa alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Baba yao alikufa kwetu Bor. Wako na mimi tu. Wewe sema plasta ilikuwa chafu. Usiandike Kalokol."

Wandera alitoka nje ya ua, akampigia Mugure simu. Wakili alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Misalaba inammaliza mganga," alisema Mugure. "Hapo umefanya kazi. Lakini bila Kalokol, hatuna kesi ya kutufikisha mbali."

"Magamba yamo ndani ya plasta, Wakili."

"Na mteja wetu ni muuza samaki. Gitau atasema alikuja nayo mwilini, au aliingiza kijiti akijikuna. Hakimu atakuna kichwa, na Mureithi hata hataitwa. Akisema ukweli nawashika wote wawili, mwenye lori na mwenye kliniki. Asiposema, atabaki na magongo."

"Na akisema atafungwa?"

"Anaweza kushtakiwa. Sitamdanganya. Nitasimama naye, nitasema alitishwa, nitasema mengi. Lakini tangu tangazo la Disemba la kurudisha wakimbizi kambini, askari wamekuwa wakali. Uamuzi ni wake. Mlete aape mbele yangu, kwa kibali halali. Atakachosema ndicho nitakachoandika."

"Wakili," Wandera alisema, "ile friji ya dawa ina samaki."

"Umesema nini?"

"Samaki, juu ya chanjo. Nilitaka tu mtu mwingine ajue."

*

Kibali kilitoka juma lililofuata. Sababu ilikuwa "kuonana na wakili", na karani wa kambi alimtazama Achai kana kwamba alikuwa ameomba ndege. Wandera alikuja na gari la Mugure, Toyota kuukuu isiyofunga dirisha, wakaingia kwenye msafara wa magari yaliyosindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi wa njiani. Nyandeng alikaa nyuma, plasta mapajani, imefungwa katika shuka yake ya maua. Achai alikaa mbele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona barabara hiyo, na njia nzima alitazama nje: milima myeusi, ngamia, wanawake waliobeba makaa kichwani. Hakusema mengi. Lakini aliyosema yalikuwa yale yale.

"Nitasema boda, baba. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii, Mama."

"Nimefikiri usiku yote. Mguu haurudi. Watoto wapo."

"Ni haki yako."

Hakumsihi. Kazi yake ilikuwa kutafuta kilichotokea, na alikuwa amekipata. Kumlazimisha mwanamke mwenye mguu mmoja atembee mpaka jela haikuwa sehemu ya kazi hiyo, ingawa kila alipomkumbuka Gitau akifuta chupa kwa koti lake, alikaza mikono kwenye usukani.

Waliingia Lodwar jua likiwa limepanda. Kuta zilikuwa zimebandikwa sura za wagombea zikitabasamu. Pikipiki zilijaa, na vibanda vya kanda na simu vilishindana kwa muziki. Achai aliinua kichwa, akasikiliza.

"Hii ndiyo Lodwar," alisema. "Muziki ni hii."

"Ndiyo hii."

Mbele kidogo, gari la kubeba wagonjwa lilikata kona mbele yao likaingia kwenye geti pana lililo wazi. Achai aliligeukia. Juu ya geti palikuwa na msalaba mwekundu na ubao, na ndani watu wamekaa kivulini na kadi zao mikononi.

"Hapo ni nini?"

Wandera alipunguza mwendo. "Hospitali kubwa ya Lodwar."

"Ingine?"

"Hakuna ingine kubwa. Ni hiyo."

Achai aliangalia geti, akaangalia barabara waliyokuwa juu yake, akageuka kutazama nyuma walikotoka.

"Mto iko wapi?"

"Turkwel uko kule, njia ya kwenda Kitale. Ukitoka Kalokol huuvuki, Mama. Unapita hapa."

"Lori ilipita hapa?"

"Hakuna njia nyingine."

Nyandeng alisema neno moja kwa Kidinka, la kutukana bila shaka. Achai alifungua mlango wa gari kabla halijasimama vizuri, na Wandera ikabidi akanyage breki. Alishuka, akavuta magongo yake, akayaweka makwapani. Wandera alitaka kushuka amsaidie, Nyandeng akamshika bega.

"Mwache."

Achai alivuka ukingo wa lami, akaingia kwenye mchanga. Magongo yalizama kidogo, akayavuta, akaenda. Hakuharakisha. Mlinzi wa geti alisimama, akasogeza benchi lake ampishe, akidhani ni mgonjwa. Achai alifika, akaweka kiganja chake kwenye nguzo ya geti, akasimama hapo. Kisha akageuka, akatazama gari kutoka pale alipokuwa, apime umbali kwa macho yake mwenyewe. Hata jasho lilikuwa halijamtoka.

Aliporudi alikaa kwenye kiti, akaingiza magongo, akafunga mlango kwa nguvu mpaka dirisha lile bovu likaanguka ndani. Alitema mate nje, akajifuta mdomo.

"Mimi na mguu moja nimefika," alisema. "Twende kwa wakili. Aandike Kalokol."